Sarafu Isiyoshikika: Nani Anaisifu, na kwa Nia Gani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yaonyesha wazi ilikozaliwa: nyuma ya meza ya duka, ambako mfanyabiashara asiyeandika aliuza mchana na kufilisika usiku. Wahenga walikusudia kwamba mali ni kitu kimoja na daftari ni kitu kingine, na la pili humlindia mtu la kwanza. Lakini katika zama zetu wametokea watu walioipindua methali hiyo juu chini. Kwao daftari ndilo mali yenyewe. Nyuma yake hakuna dhahabu, hakuna fedha, hakuna noti yenye sahihi ya gavana. Kuna maandishi tu, yaliyohifadhiwa na maelfu ya kompyuta ulimwenguni, yanayosema kwamba fulani ana kiasi fulani.

Hizo ndizo sarafu za mtandao, na mama yao ni Bitcoin. Mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye mpaka leo hajulikani ni nani, alieneza maelezo yake tarehe 31 Oktoba, 2008, na ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uliandikwa tarehe 3 Januari, 2009. Habari zake zilifika kwetu mapema. Mwaka 2022 shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNCTAD, lilitoa makadirio kwamba asilimia 8.5 ya Wakenya walikuwa na sarafu za namna hii.

Hapana shaka msomaji amekwisha kuzisikia sifa zake. Ameambiwa na mpwa wake aliyeko chuoni, au na rafiki aliyeko ng'ambo, au na mtu asiyemjua aliyemwandikia meseji usiku akimwita ndugu. Na hapana shaka amejiuliza maswali mawili. La kwanza: je, sarafu hii yaweza kweli kuwahudumia watu wote, mchuuzi na abiria, au ni kitu cha wachache? La pili: hawa wanaoisifu usiku na mchana wanataka nini? Tutaona kwamba maswali haya mawili yamefungwa kamba moja. Na ili kuyajibu hatuna haja ya kwenda New York. Yatosha kupanda gari Nairobi na kuelekea Ruiru na Thika.

THIKA ILIKOTANGULIA

Mji wa Thika, kiasi cha kilomita 40 na kidogo kutoka Nairobi, unajulikana kwa mananasi, kwa viwanda, na kwa mito yake miwili, Chania na Thika. Wachache wanakumbuka kwamba ulikuwa pia miongoni mwa mahali pa kwanza katika Kenya ambapo fedha zilianza kutembea bila ya kushikwa.

Mwezi wa Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom, zikishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya na kusaidiwa na mfuko wa serikali ya Uingereza, zilianza jaribio dogo katika sehemu tatu: katikati ya Nairobi, Mathare, na Thika. Mawakala walikuwa wanane tu, na wateja hawakufika 500. Shabaha ilikuwa nyembamba: wanachama wa vikundi vya mikopo walipe marejesho yao kwa simu badala ya kubeba noti mkutanoni.

Lakini watu hawakungoja kuelekezwa. Waliosimamia jaribio hilo, Nick Hughes na Susie Lonie, waliandika baadaye mambo waliyoyaona. Wafanyabiashara walianza kulipana wao kwa wao. Wengine waliitumia simu kama sanduku la kulaza mauzo ya jioni, kwa kuwa benki zilikuwa zimekwisha kufunga. Wengine waliweka fedha mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wake, ili wasinyang'anywe njiani. Mwanamke mmoja ambaye mumewe aliibiwa akiwa safarini alimtumia fedha kwa simu, naye akapata nauli ya kurudi nyumbani. Hayo hayakuwamo katika mpango wa wataalamu. Ni haja za watu zilizojitokeza zenyewe.

Tarehe 6 Machi, 2007, M-Pesa ilifunguliwa kwa nchi nzima, ikiwa na wito mwepesi wa kutuma fedha nyumbani, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja. Leo katika Kenya ina zaidi ya milioni 30. Mwaka 2025 Safaricom ilitangaza kwamba mitambo yake mipya yaweza kupitisha malipo 6,000 katika kila sekunde.

Siri ya upesi huo ni nini? Daftari ni moja na mwenyewe ni mmoja. Mteja akituma shilingi mia, mtambo wa kampuni hupunguza hapa na kuongeza kule, basi. Hakuna wa kuulizwa ruhusa wala wa kushauriwa. Wasomaji wa pwani hawatakuta ugeni katika jambo hili, kwani ndugu yake mkubwa ni hawala. Mfanyabiashara wa Mombasa alitoa fedha kwa mtu aliyemwamini, na mwenziwe wa Lamu au wa Bombay akapewa upande wa pili; sarafu hazikupanda jahazi, ila neno ndilo lililosafiri. Hawala na M-Pesa zote mbili husimama juu ya nguzo moja, nayo ni amana.

DAFTARI LA WATU WOTE

Bitcoin ilikuja kuikataa nguzo hiyo. Nakamoto alitaka malipo yasiyohitaji kumwamini mtu yeyote wa katikati. Basi badala ya daftari moja lenye mwenyewe, kila anayetaka aweza kuwa na nakala kamili, na kila malipo hutangazwa kwa wote. Kwa wastani, kila dakika kumi ukurasa mmoja mpya hufungwa na kubandikwa juu ya ile iliyotangulia. Wanaoshindana kuufunga ni wenye mitambo mikubwa inayokula umeme mwingi, na anayeshinda hupata ujira wa sarafu mpya. Ujira huo ulianza kwa sarafu 50 mwaka 2009, na tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125.

Mpango huo una werevu mkubwa, lakini una gharama yake. Tangu mwaka 2010 ukurasa uliwekewa kikomo cha megabaiti moja. Kwa kikomo hicho, malipo yanayoandikika hayazidi kama saba katika sekunde, kwa dunia nzima. Hata baada ya marekebisho ya mwaka 2017 yaliyoongeza nafasi kidogo, siku nyingi daftari hilo halipiti malipo laki saba.

Tulipime jambo hili kwa mizani ya Ruiru. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji huo ulikuwa na watu wapatao 240,000. Katika ile ya 2019 walikuwa kama 490,000. Tuwaache watoto na wazee, tuchukue watu wazima 300,000 tu. Kila mmoja alipe nauli ya kwenda Nairobi asubuhi, nauli ya kurudi jioni, na fungu la sukuma wiki kabla ya kuingia ndani. Hayo ni malipo 900,000 kwa siku. Malipo saba kwa sekunde, ukizidisha kwa sekunde zote za siku, ni 604,800. Yaani mji mmoja wa Ruiru, kwa nauli na mboga tu, ungelijaza daftari la dunia nzima na watu wengine wakabaki foleni, sembuse Thika, sembuse Mombasa na Dar es Salaam!

Wala hili si jambo lililogunduliwa baadaye. Mwaka ule ule wa 2008, mmoja katika watu wa kwanza kabisa kumjibu Nakamoto, James A. Donald, alimwambia kwamba haoni jinsi mpango huo utakavyoweza kukua kufikia ukubwa unaotakiwa. Kabla sarafu haijazaliwa, swali lilikwisha kuulizwa.

KAMA BARABARA YA THIKA

Mtu atasema: si waupanue ukurasa tu? Anayepita barabara ya Thika anaijua hoja hiyo na anajua pia mwisho wake. Barabara hiyo ilikuwa nyembamba na msongamano wake ulikuwa gumzo la Kenya nzima. Ujenzi wa kuipanua ulianza mwaka 2009, na Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki aliifungua, kilomita zipatazo 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na mahali pengine ina njia nane. Safari ilipungua. Lakini njia ilipokuwa pana, watu walihamia huko, nyumba zikaota mahali pa mikahawa, Ruiru ikazidi mara mbili, na magari yakarudi kubanana hasa pale njia pana inapomwaga magari yake katika mji usiopanuka. Barabara pana ni neema. Ila haimalizi swali la nani atapita na kwa gharama ya nani.

Katika Bitcoin vita vya upana viliwaka kati ya mwaka 2015 na 2017. Upande mmoja ulitaka kurasa kubwa. Agosti 2015 Gavin Andresen na Mike Hearn, waliokuwa miongoni mwa waandishi wa programu yake, walileta toleo lao la kupanua. Halikukubaliwa, na Januari 2016 Hearn akajitoa akitangaza kwamba jaribio la Bitcoin limeshindwa. Upande wa pili ulikataa kupanua, nao ulikuwa na hoja nzito. Kila ukurasa huongeza mzigo kwa kila mwenye nakala. Leo daftari zima limepita gigabaiti 600. Kijana wa Ruiru anayenunua intaneti kwa shilingi ishirini ishirini hawezi kulibeba. Kurasa zikizidi kuwa kubwa, watakaoweza kuzihifadhi ni makampuni makubwa tu, na mtu atalazimika kuyaamini, kama anavyoiamini benki. Hapo tutakuwa tumezunguka mbuyu na kurudi tulipoanzia.

Tarehe 1 Agosti, 2017, waliotaka upana walijitenga na sarafu yao, Bitcoin Cash, yenye kurasa za megabaiti nane. Nafasi wakaipata, wateja wasijae. Waliobaki wakachagua njia nyingine, inayoitwa Lightning, iliyobuniwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja na kuanza kutumika kwa fedha za kweli mwaka 2018.

Lightning ni rahisi kueleweka na mtu aliyelelewa karibu na duka. Mteja wa kila siku haandikiwi risiti kwa kila kibiriti. Huandikwa pembeni, na mwisho wa mwezi hesabu hufungwa mara moja. Tofauti ni kwamba hapa hakuna deni: wawili huweka fedha kwanza katika sanduku la pamoja, wakawa wanabadilishana mafungu mara elfu bila ya kulisumbua daftari kubwa, na siku ya kuachana ndipo jumla huandikwa. Na mwenye sanduku na jirani yake aweza kumfikia jirani wa jirani. Malipo huwa ya sekunde moja na ada huwa ndogo mno. Ila lazima mtu awe na fedha za kufungia sandukuni, na kulifungua na kulifunga kwataka nafasi katika daftari lile lile finyu. Ndiyo maana wengi wanaoitumia hawana sanduku lao. Wamemwachia mwenye kampuni awashikie. Amana, iliyofukuzwa mlango wa mbele, imeingia kwa wa nyuma.

MWAMBA NGOMA

Sasa tuje kwenye nia. Katika vita vile vya upana kila upande uliutuhumu mwingine kwamba unatetea mfuko wake. Na hapa ndipo lilipo funzo, kwani anayetazama vizuri ataona kwamba jibu la mtu juu ya udogo wa daftari hufuata kile anachokitaka kwalo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tuwatazame waambaji ngoma hawa mmoja mmoja.

Wa kwanza ni wasioziamini serikali na benki. Katika ukurasa wa kwanza kabisa Nakamoto alibandika kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku ile, kilichohusu benki za Uingereza kuokolewa na serikali. Hawa wanataka fedha ambazo hakuna mkubwa awezaye kuzifunga. Kwao ufinyu si kasoro bali ni bei ya uhuru. Wala si haki kuwacheka. Mwaka 2015 kampuni ya BitPesa, iliyoanza Nairobi mwaka 2013 ikisaidia watu kutuma fedha kwa njia ya Bitcoin, ilifungiwa njia ya M-Pesa kwa sababu Safaricom ilisema haina idhini ya Benki Kuu. Ilikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba Mahakama Kuu ikakataa kuamuru ifunguliwe. Mtu aweza kuona kwamba Safaricom ilitii sheria. Lakini pia amejifunza kwamba daftari lenye mwenyewe lina mlango, na mlango una kufuli.

Wa pili ni wanaongoja bei. Sarafu za Bitcoin hazitazidi milioni 21, na wao wamezikalia. Desemba 2017 moja ilikaribia dola 20,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya 17,000 baada ya kupita 60,000 mwaka mmoja kabla. Desemba 2024 ikavuka 100,000. Mtu wa namna hii hajali kama haiwezi kununua sukuma wiki, kwani hakusudii kuitoa. Anachokihitaji ni watu wapya wa kuja kununua baada yake. Basi sifa anazozitoa si ushuhuda, ni mnada.

Wa tatu ni wenye mitambo na wenye maduka ya kubadilishia. Daftari likijaa, ada hupanda, kwani anayelipa zaidi huandikwa kwanza. Desemba 2017 wastani wa ada ulipita dola 50 kwa malipo mamoja. Tarehe 20 Aprili, 2024, ulipita dola 100. Abiria wa Ruiru anaujua mtindo huu: mvua ikinyesha jioni, nauli ya matatu hupanda, na mwenye gari haombi mvua iache. Katika Desemba ile ile ya 2017 duka la michezo ya kompyuta la Steam liliacha kupokea Bitcoin kwa sababu ya ada.

Wa nne ni wenye haja. Kati ya Ruiru na Thika ipo Juja na Chuo Kikuu cha JKUAT, na barabara nzima imejaa vijana wenye elimu wasio na ajira, ambao baadhi yao huwafanyia kazi watu wa ng'ambo kwa kompyuta na hulipwa kwa taabu. Wako pia walioko Gulf na Ulaya wanaochoka kukatwa kila wanapotuma fedha nyumbani. Hawa hawana mahubiri. Hupokea sarafu na kuigeuza shilingi mara moja; iko hata programu ya Kenya iitwayo Tando ambayo mmoja hulipa kwa Lightning na muuzaji hupokea shilingi zake katika M-Pesa. Na wengi wao hawatumii Bitcoin kabisa, bali sarafu zilizofungwa na dola, kama USDT, zinazopita katika mitandao yenye wahifadhi wachache na kwa hiyo yenye nafasi. La ajabu ni kwamba mwenye USDT, kampuni ya Tether, aweza kuzifungia fedha za mtu. Penye upesi, mwenyewe hakosi kuwapo.

Kundi hili la wenye haja ndilo lililosimama foleni Nairobi mwaka 2023, wakati Worldcoin ilipowapiga picha watu mboni za macho na kuwapa sarafu zenye thamani ya shilingi kama 7,000. Waliokwenda hawakuwa wafuasi wa jambo lolote. Wengi waliziuza sarafu siku zile zile na kupata shilingi za kutumia. Agosti 2 serikali ikaisimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za miili ya watu zifutwe.

Wa tano ni matapeli, nao hawana shida na upana wa daftari kwa sababu aghalabu hawana daftari lenyewe. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, iliwala watu mabilioni ya dola duniani, Uganda ikiwamo, na nyuma yake hapakuwa na daftari la kweli. Yeye alitoweka Oktoba 2017. Wakenya wanaukumbuka mwaka 2007, zilipoanguka zile jumuiya za kuchangishana kwa kupanda ngazi. Kamati ya serikali baadaye ilikuta kwamba zaidi ya shilingi bilioni 8 zilipotea. Wakati ule hapakuwa na Bitcoin. Utapeli haungojei mtambo. Huvaa nguo ya zamani zake.

PWANI IMEYAONA MENGI

Watu wa pwani wasidhani haya hayawahusu, kwani katika Afrika Mashariki wao ndio waliotangulia kuzichezea sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Karne ya 19 biashara ya Unguja ilikwenda kwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyekufa mwaka 1780, na sarafu ikaendelea kupigwa na mwaka ule ule juu yake kwa zaidi ya miaka mia. Mfalme hayupo, nchi yenyewe ni mbali, lakini watu waliikubali kwa kuwa waliizoea. Na katika karne hiyo hiyo wafanyabiashara wa Hamburg walipakia kauri tele kutoka mwambao wetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha. Walipata faida, na kauri za watu wa huko zikashuka thamani mwaka hata mwaka. Wanaoisifu Bitcoin kwa sababu haiwezi kuongezwa wana mfano huo mkononi, na ni mfano wa kweli.

Na Mombasa ina kisa chake. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za Bangla-Pesa kubadilishana bidhaa siku ambazo shilingi zimekauka. Mmarekani Will Ruddick, aliyesaidia kuuanzisha mpango huo, na wenzake watano walikamatwa na kushtakiwa. Agosti mashtaka yakaondolewa. Vocha zile baadaye ziligeuka Sarafu, iliyohamia katika daftari la mtandao na kutumika kwa simu za kawaida, na kati ya mwaka 2020 na 2021 ilikuwa na akaunti zipatazo 40,000. Sarafu haikutaka kumfikia kila mtu duniani. Ilitosha kwa muuza samaki na mshona nguo wanaojuana. Upana wake ulikuwa ni ule wa haja yake, na pengine hilo ndilo somo ambalo wengi wanaopigana juu ya megabaiti wamelisahau.

KAULI ZA WANAZUONI

Wanazuoni hawakukubaliana. Januari 2018 Mufti wa Misri, Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuikataza Bitcoin, kwa sababu ya udanganyifu na hatari zilizomo. Novemba 2021 Baraza la Ulamaa la Indonesia, MUI, lilitamka kwamba kuitumia kama fedha ni haramu. Malaysia kwa upande wake, baraza la sharia la tume ya masoko ya mitaji lilikubali mwaka 2020 kwamba yaweza kuuzwa na kununuliwa kwa masharti.

Hatuna kazi ya kupima fatwa hapa. Kila msomaji ana wanazuoni wake. Lakini hebu tuone jinsi suala la upana linavyoingia. Wanafiqhi wa zamani walijadili ni kitu gani huwa fedha, na Imamu Malik alipata kuzungumza juu ya ngozi, kwamba lau watu wangezifanya kuwa sarafu yao basi zingefuata hukumu za dhahabu na fedha. Maana yake ni kwamba desturi ya watu sokoni ndiyo inayokifanya kitu kuwa fedha. Basi sarafu ambayo mji mmoja wa Ruiru waweza kuijaza, na ambayo wenyewe wameikalia bila ya kununua kitu, je, imekwisha kuwa fedha au bado ni bidhaa inayobahatishwa bei? Anayetaka kujibu suala la gharari na kamari hana budi kwanza aujue ukweli huu wa mitambo. Na asiyeujua, awe mwenye kuhalalisha au mwenye kuharamisha, anahukumu kwa kusikia.

YA KUULIZA KABLA YA KUTOA

Serikali ya Kenya nayo imekwenda safari ndefu. Desemba 2015 Benki Kuu ilionya umma kuhusu sarafu hizi. Mwaka 2023 ziliwekewa kodi ya asilimia 3, iliyoondolewa mwaka 2025 na kubadilishwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za wanaozihudumia. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria ya watoa huduma wa mali za mtandao, inayoziweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria yaweza kumdai mwenye duka leseni. Haiwezi kumrudishia mtu fedha alizompa mgeni wa kwenye simu.

Kwa hiyo mtu akija kwenye chama chenu na habari za sarafu hizi, msimfukuze, na msimkabidhi sanduku. Mwulizeni mambo matatu. Yeye mwenyewe, mwezi uliopita, alinunua nini kwa sarafu hiyo? Akisema hajanunua kitu ila anangoja ipande, mmekwisha kumjua ni mwamba ngoma wa aina gani. Pili, faida anayoiahidi hutoka kwa nani? Kama hutoka kwa watakaoingia baada yenu, basi nanyi mtakuwa wa kutafuta wengine wa kuwaumiza. Tatu, daftari liko mkononi mwa nani? Kama liko kwenu, mna ufunguo, na mkiupoteza hakuna wakala wa kumlilia. Kama liko kwake, basi hamkununua uhuru wowote. Mmemwamini mtu, kama watu walivyomwamini mwenye hawala tangu zamani, na mtu wa kuaminiwa hujulikana kwa jina lake, kwa mlango wake, na kwa majirani zake.

Wale wateja wachache wa Thika wa mwaka 2005 hawakuambiwa kwamba watatajirika. Waliambiwa watalipa mkopo bila kubeba noti, wakajaribu, wakaona yafaa, wakaongeza matumizi yao wenyewe. Sarafu ya mtandao yaweza siku moja kupata nafasi kama hiyo, na katika njia za kutuma fedha kutoka ng'ambo imekwisha kuanza. Itakapofika huko hapatakuwa na haja ya mtu kuisifu. Hakuna anayezunguka Ruiru leo akiwahubiria watu fadhila za M-Pesa. Wanalipa nauli kwayo, wanashuka, wanakwenda zao.